Litungu Nililoliosha

Shangazi yangu wa Mbale ana sheria moja ambayo sijawahi kumsikia akiitamka, maana hakuna aliyewahi kuivunja: kitu cha nyumbani hakitoki kwenda kwa watu kikiwa kichafu. Sahani ikipelekwa na chakula kwa jirani inasuguliwa hata chini, pale ambapo jirani hatapaona. Idi ikikaribia, mikeka inatolewa nje, mapazia yanaloweshwa, sufuria zinapigwa mchanga mpaka unajiona usoni. Sisi ni Wanubi, vitukuu vya askari walioletwa kutoka Sudani zamani. Majirani wanatusema mengi, lakini hakuna aliyewahi kutusema kwa uchafu. Siandiki hivi ili nijitetee. Naandika kwa sababu hilo ndilo nililokuwa nalifikiria wakati nimeshika brashi.

Nina miaka kumi na sita, niko siniya ya tatu, yaani mwaka wa tatu wa sekondari, naishi na mama Nalufenya, Jinja. Mdomo wangu ni mzito. Kiingereza changu kwenye karatasi ni kizuri, mdomoni kinakwama, na Kisoga changu, lugha ya wenyeji wa Jinja, kinachekesha. Nilipokuwa siniya ya kwanza nilishtuka siku moja nikasema "samahani, nipite" kwa Kiswahili, na mvulana mmoja wa kiti cha nyuma akaruka, akasimama wima na kupiga saluti. "Ndiyo, Afande. Tafadhali usitupige." Tangu siku hiyo mimi ni Afande. Wazee wao walikisikia Kiswahili kwenye vizuizi vya barabarani, kwa watu wenye bunduki. Kwetu ni lugha ya kuombea chumvi. Lakini hayo huwezi kuyaeleza kama mdomo wako ni mzito, kwa hiyo niliacha niitwe Afande, na nikapunguza kuongea.

Babu yangu, baba yake baba, anakaa na huyo shangazi mtaa wa Nabuyonga, hapo Mbale. Ana litungu. Kwa asiyelijua, ni kinubi cha nyuzi saba. Chini kuna bakuli la mti lililofunikwa ngozi ya mbuzi. Mikono miwili ya mti inatoka kwenye bakuli ikipanuka kama pembe za ng'ombe, na juu kuna mti mwembamba unaoiunganisha. Nyuzi zinaanzia chini, zinapita juu ya daraja dogo la mwanzi lililoshikwa kwa nta nyeusi ya nyuki, kisha zinapanda hadi kwenye ule mti wa juu. Pale juu kila uzi umezungushiwa kitambaa. Ukitaka sauti ipande, unasokota kitambaa pamoja na uzi wake. Ukitaka ishuke, unalegeza. Hakuna kigingi wala skrubu. Ni kitambaa tu kinachouma mti.

Si kitu cha Kinubi. Bibi yangu, Mungu amrehemu, alikuwa Mgisu wa juu mlimani, na baba yake ndiye aliyelichonga hilo litungu kabla bibi hajazaliwa. Babu alipokwenda kuposa alikaa kule siku tatu akisikiliza, na siku ya nne akaomba alishike. Mzee yule alimtazama mikono yake, akasema huyu kijana wa mjini ana mikono. Miaka mingi baadaye, alipokaribia kufa, akampa. Kwao kitu kama hicho hakipewi mkwe. Alipewa, na ndugu za bibi hawakusahau.

Babu analipiga kila siku baada ya alasiri, na anaacha kabla ya magharibi. Siku hizi vidole vimekakamaa, na sidhani kama ana hamu kila siku. Analipiga kama mtu anayekwenda kumjulia hali mgonjwa. Anasema lisiposhikwa wiki moja linaanza kununa, na likinuna mwezi mzima halitakusamehe. Nikiwa mdogo, kila likizo alinikalisha mbele yake, nikajifunza nyimbo tatu. Kupiga hakuhitaji mdomo, ndiyo maana nilipenda kupiga.

Muhula uliopita shule yetu ilijiandikisha kwenye tamasha la muziki la mashule. Mwalimu wa muziki, tunayemwita Madamu, aliuliza darasani kama kuna yeyote ambaye nyumbani kwao kuna chombo cha zamani, cha kweli, si hivi vinavyouzwa kwa watalii pale chanzo cha mto. Nilinyamaza. Baada ya kipindi nikamwachia kikaratasi mezani. Kesho yake akakisoma kwa sauti mbele ya wote, sikio langu likawaka moto. Alisema kumbe tuna hazina humu ndani na tumekaa kimya. Alichukua namba ya babu, akampigia kuomba ruhusa. Yule mvulana wa nyuma alisema, "Jihadharini, Afande ana silaha," lakini alisema kwa namna nyingine, karibu kwa heshima. Kwa wiki tatu watu waliniuliza maswali. Nilikuwa mtu.

Nilikwenda Mbale kulichukua. Babu hakutaka, nilimwona, lakini Madamu alikuwa ameongea naye vizuri, na nadhani alitaka jina la mkwe wake litajwe mbele ya watu. Alilizungushia blanketi yeye mwenyewe.

"Usifungie kwa sanduku," aliniambia. "Asubuhi weka kwa jua kidogo. Kidogo tu, Jinja maji ni mingi hewani, ngozi inalegea. Na piga kila siku, hata kama umechoka. Wakikuuliza, sema ilichongwa na mkwe wangu, utaje na kilima chao."

Hayo ndiyo aliyoniambia. Hakuniambia nisilioshe. Naamini halikumpitia kichwani, kama vile huwezi kumwambia mtu asimwoshe mzee wa watu kwa maji ya moto na brashi ya viatu.

Nilipolifunua mezani kwetu Nalufenya niliona kitu ambacho Mbale sikuwahi kukiona. Niliona walichokuwa wanakwenda kukiona wao. Ngozi ilikuwa na madoa ya kahawia. Pale mkono unapopumzika palikuwa na weusi wa jasho la miaka, unang'aa kama kitako cha sufuria. Nta ya daraja ilionekana kama kitu kilichokwama. Lote lilinuka moshi. Na vile vitambaa juu vilikuwa saba, vinene, vyenye rangi ya vumbi na mafuta, kama bandeji za mtu aliyesahauliwa wodini. Nilijiona niko jukwaani nimekumbatia matambara, na yule mvulana chini ananitazama.

Siku mbili kabla ya tamasha mama alikuwa kazini. Nilichemsha maji. Nilichukua sabuni ya unga na brashi.

Nilianza na ngozi, na maji yalitoka meusi, nikafurahi. Mungu ananiona, nilifurahi. Nta iliyeyuka, daraja likatoka, nikasema nitalirudisha kwa gundi ya viatu. Kisha nikachukua wembe nikavikata vitambaa, kimoja kimoja. Vilikuwa vimezungushwa tabaka juu ya tabaka, kumbe kila kimoja kilipochakaa babu alikuwa anaongeza kipya juu ya cha zamani. Katika kile cha nne, tabaka la ndani kabisa, nilikuta manjano. Manjano yenye maua madogo ya bluu, mabichi kana kwamba kitambaa kimetoka dukani jana. Nilisimama nikakitazama. Nilijua kwamba hiki ni kitambaa cha mtu. Halafu nikaendelea kukata, na vyote saba nikavitia kwenye sigiri ya mkaa, chini ya birika la chai.

Kwa seremala jirani anayetengeneza vitanda niliomba vanishi iliyobaki, akanitilia kwenye chupa ya maji. Nilipaka bakuli, mikono na mti wa juu, mara mbili. Nyuzi nikazifungia tepe mpya za kijani na nyeupe, rangi za shule. Ngozi ilikuwa bado mbichi, nikaiweka juani mchana, juu ya bati, ikauke haraka. Nilikuwa ndani nilipoisikia. Sauti ndogo, ta, kama mtu amevunja kiberiti. Ilikuwa imechanika ukingoni, urefu wa kidole. Nikaficha kwa utepe.

Jukwaani ilibidi nianze peke yangu, kisha wenzangu waingie na ngoma. Nilitaja kilima, nikataja na jina la baba yake bibi, aliyelichonga. Sauti yangu ilitoka vizuri kuliko nilivyotegemea. Nikaanza kusawazisha nyuzi. Nilisokota utepe wa kwanza, sauti ikapanda, nikaachia, na sauti ikateremka yenyewe, taratibu, kama mzee anayeketi. Nikarudia. Utepe ule ni laini na mti ulikuwa na vanishi, hakuna kilichomuuma mwenzake. Uzi wa tatu ukaachia kabisa ukaning'inia. Nilizigonga zilizobaki, zikatoa sauti ya kopo. Watu walianza kucheka, si kwa ubaya, walidhani ni sehemu ya mchezo. Wenzangu nyuma walikuwa wamenyanyua ngoma wakingoja, mikono inawachoka.

Mmoja wa waamuzi, mzee mwenye miwani ya kamba, alipanda akanikaribia. Alilitazama litungu kwa huruma, jinsi watu wanavyotazama ajali. Aliniuliza kwa upole limepatwa na nini. Madamu alikuwa amesimama pembeni. Darasa zima lilikuwa linanitazama.

Nikasema, "Ni la babu yangu. Hakulitunza."

Sikukwama hata kidogo. Maneno yaliteleza kama yameshakuwepo. Mwamuzi akatikisa kichwa, akasema ndivyo wazee wetu wanavyoacha vitu vikaoza, akashuka.

Jumatatu Madamu alituambia kwamba amempigia mzee simu, si kumlaumu, kumpa pole tu, na kwamba mzee ni muungwana. Amekubali. Amesema, "Mwalimu, ni mimi. Nimezeeka, nililiacha." Madamu alifanya somo zima kutokana na hilo, namna urithi unavyopotea mikononi mwa wenyewe. Alisema babu yangu ana ujasiri wa kukiri. Mimi nilikuwa nimekaa pale pale, kalamu mkononi. Wakati wa mapumziko yule mvulana akauliza kama babu yangu alilitumia litungu kuatamishia kuku. Walicheka. Nami nilicheka. Katika yote niliyofanya, kile kicheko ndicho kinachoniamsha usiku, kwa sababu hakuna aliyenilazimisha.

Likizo ilipofika nililizungushia blanketi, nikaenda Mbale. Nilikuwa nimetunga hotuba nzima. Babu alilifunua juu ya mkeka, akaliinamia, akalinusa. "Linanuka kitanda kipya," alisema. Shangazi akasema walau limekuwa safi, kisha akatazama uso wa babu akafunga mdomo. Babu aliupitisha mkono kwenye mti wa juu, akaenda mpaka mwisho, akarudi, kama mtu anayetafuta swichi gizani.

"Vile vitambaa viko wapi?"

"Nilivichoma, babu."

Shangazi aliondoka akaenda jikoni, na baadaye nilipomfuata aliniambia, bila kunitazama, kwamba kile cha manjano kilikuwa kilemba cha bibi, cha mwaka alioolewa. Bibi mwenyewe alikichana kwa meno akampa babu siku uzi ulipokatika katikati ya wimbo.

Jioni ile hotuba yangu iliyeyuka yote, nikaweza tu kumuuliza babu kwa nini alimwambia mwalimu ni yeye.

"Ningesema nini?" alisema. "Kwamba mjukuu wangu ni mwongo?" Akaanza kulikunja blanketi. "Na simu ilinikuta nimeshatawadha. Shehe anasema uongo hauvunji udhu. Mimi nilirudi bombani, nikatawadha tena."

Nilisema nitampigia Madamu nimweleze. Alikataa. Alisema sasa maneno yameshatoka, nikisema kweli yeye ndiye atakayeonekana mwongo, na miaka yake themanini na moja haijamfundisha kubeba hilo. Akaniambia nisilitaje tena. Sitasema uongo wa pili hapa: nilipata nafuu. Nililala vizuri usiku huo, na nimeona aibu ya usingizi huo mpaka leo.

Siku ya nne alikuja mgeni. Ni mdogo wake bibi, mzee mrefu wa kutoka mlimani, mwenye koti la suti na mabuti ya mpira. Babu anamwita shemeji. Hakuwa amefika kwetu tangu mazishi ya bibi. Alikaa uani, akanywa chai yote kwanza, akauliza habari za kila mtu. Kisha akasema yule mwamuzi wa Jinja mwenye miwani ni mtu wa kilima cha pili kutoka kwao. Amekwenda likizo, amesimulia. Ametaja jina la baba yao, na hali aliyoiona.

"Shemeji, tumesikia," alisema. "Mzee alikupa kwa sababu alisema una mikono. Sasa kama mikono imechoka, sisi hatugombani. Nimekuja kuchukua mti wetu."

Nilikuwa nimesimama mlangoni na birika. Nilimtazama babu. Nilidhani atasema kitu, maana ana maneno mengi yule, akigombana na muuza mkaa mtaa mzima unasikia. Aliangalia tu miguu yake. Halafu akasema, "Ni kweli. Ni mimi." Akageuza kichwa upande wa ndani akamwita shangazi alilete.

Shangazi alitoka nalo. Alilibeba kwa mikono miwili, ananiangalia mimi.

Nikasema, "Ni mimi niliyeliosha."

"Nani?" mgeni aliuliza, akikunja kiganja sikioni.

"Mimi. Nililiosha."

"Sema kwa nguvu, mwanangu. Sikio hili limekufa, na hili linakwenda."

Nilijaribu tena, akatikisa kichwa. Babu alimwambia mgeni aniache, mtoto anaongea ya kitoto. Na hapo nikapiga kelele. Sijawahi kupiga kelele maishani, hata kwenye mchezo. Nilipiga kelele pale uani, birika mkononi, kwamba nililiosha kwa sabuni ya unga, nikakata vitambaa, nikachoma, nikapaka vanishi ya vitanda, ngozi nikaianika juu ya bati, na kwamba mbele ya watu wote nilisema ni babu, na babu hakufanya kitu, babu alilipiga kila siku. Upande wa pili wa ua, mama jirani aliyekuwa anatwanga karanga aliacha kutwanga. Mtaa mzima wa Nabuyonga ulikuwa kimya unanisikiliza nikisema nina aibu gani.

"Kwa sabuni?" mgeni aliuliza.

"Na brashi ya viatu."

"Ya viatu," alirudia, kama mtu anayeandika. Akamgeukia babu. "Na wewe ukakubali kunyang'anywa mti wa mkwe wako, kwa ajili ya hilo?"

"Wewe ungefanya nini?" babu alisema.

Yule mzee alilichukua litungu kutoka kwa shangazi, akaliweka mapajani, akalikwaruza kwa ukucha, akautazama ukucha. Kisha akaomba kipande cha kioo kilichovunjika, kikubwa kidogo.

Babu aliinuka, akaingia ndani, akarudi na simu yake. Akanipa. Namba ya Madamu ilikuwa imeshatafutwa. "Na mwalimu wa Jinja naye aambiwe," alisema. "Piga sasa, kabla sauti haijajifunga."

Nilipiga. Nilimweleza yote, na safari hii sikupiga kelele. Nikamwomba awaambie wanafunzi kwa niaba yangu, maana mimi siwezi kusimama mbele ya watu. Alisema, "Ulipodanganya mbele ya watu uliweza." Akaniambia Jumatatu ya kufungua shule, kipindi cha kwanza, atanipa dakika tano. Kisha akaomba kuongea na mzee. Babu alishika simu kwa mbali na sikio, kama ina moto, akasema, "Mwalimu, mtoto amesema kweli. Aliyekudanganya kwenye simu ni mimi. Nisamehe." Sikuwahi kumsikia babu akiomba msamaha kwa mtu. Na ni mimi niliyemfikisha hapo.

Mgeni alikaa siku mbili. Walilivua litungu mpaka likabaki bakuli na miti mitatu, wakabishana kila hatua. Babu alitaka ngozi ya beberu, shemeji akasema beberu ni mnene, litakohoa. Walichukua ya jike kutoka kwa mchinjaji, wakailoweka, wakaivuta ikiwa mbichi na kuifunga kwa kamba kuzunguka bakuli, kisha wakaiacha kivulini. Kivulini, mgeni alirudia akinitazama. Ngozi ile niliyoichana mimi kumbe haikuwa ya kwanza. Ilikuwa ya tatu. Nyuzi zilikuwa za kano za ng'ombe zamani, sasa ni za kuvulia samaki, na zimebadilishwa mara ambazo hakuna anayekumbuka. Daraja ni la juzi tu. Nilipoyasikia hayo roho ilitulia kidogo, nikauliza kama basi kitu nilichoharibu kinarudishwa chote.

Mgeni alikuwa anakwangua vanishi kwa kile kioo, taratibu, kwa mwelekeo wa mti, na unga wa kahawia unamdondokea kwenye mabuti. Alisema ngozi inakufa na nyuzi zinakufa, hayo si ya kulilia, unabadilisha tu. Kinachozeeka kwa kweli ni bakuli. Mti ukichongwa una maji ndani, sauti inazama humo. Kila mwaka unakauka kidogo, na ukipigwa kila siku unakauka huku ukitikisika, mpaka unajua njia. Ukikauka bila kupigwa unapasuka. Jasho la mikono linaingia kidogo kidogo, linauziba mti lakini unapumua. Wewe umeuziba kwa siku moja, alisema, na vanishi imeingia ndani kuliko kioo kinavyofika.

Vitambaa tulihitaji vipya. Babu alikataa kila nilicholeta. Kipya kinateleza, cha nailoni kinateleza, kinatakiwa kiwe cha pamba na kiwe kimefuliwa mpaka kimesahau rangi yake. Shangazi alileta shuka la zamani. Hakuna aliyetaja manjano. Nilikata vipande saba, na babu akanionyesha namna ya kuzungusha, uzi chini, kitambaa juu, uzi tena, mpaka unasikia kidoleni kwamba kimeuma.

Alasiri ya siku ya pili babu alilipiga. Lilishika sauti, nyuzi zote saba, haikuteremka hata moja. Lakini ile sauti ya chini, iliyokuwa inabaki uani baada ya kidole kuondoka, haikuwepo. Ilikuwa inatoka na kuisha pale pale. Shemeji alikuwa ameweka lile sikio lililobaki karibu na bakuli. Babu akaacha.

"Itarudi," shemeji alisema. "Ikipigwa kila siku. Miaka kumi. Kumi na tano."

Wazee wawili walitazamana, kisha wote wakanitazama mimi. Nilitamani ardhi inimeze. Shemeji alivaa koti lake, akaaga, akaondoka mikono mitupu. Hakusema ameliacha kwetu, hakusema atarudi kulichukua.

Babu hakunipa hotuba yoyote. Alinisukumia litungu mapajani na kusema uzi wa tano umepanda kupita kiasi, niulegeze mwenyewe. Nilishika kitambaa cha shuka. Nikalegeza mno, sauti ikaanguka. Akasema nirudie. Nilirudia mpaka mwadhini akaita, na bado haikuwa sawasawa, akasema basi, kesho tena.

Ni siku sita kabla ya shule kufunguliwa. Nimepiga kila siku baada ya alasiri, na nikimaliza nafanya mazoezi ya lile jingine, la dakika tano, nikisimama nyuma ya choo ambapo mama jirani hasikii. Ninafika mpaka neno "hakulitunza" na hapo sauti inakatika. Jana nilimwomba babu anisikilize. Alisema hapana, kwamba alishanisikia mara moja uani na mara moja kwenye simu, na inamtosha.